Chafya Chini ya Kanisa

Mtu akikwambia Marekani hakuna mambo, mwulize amekaa mtaa gani. Mimi nimekaa Silver Spring, jengo la ghorofa lenye lifti mbovu na harufu ya vitunguu vya kila taifa, na haya sikuhadithiwa. Yalimpata jirani yangu wa mlango wa pili, nami nilikuwepo. Asiyetaka kuamini asiamini, mimi siuzi.

Jirani huyo ni Bilha, Mkenya, Mkipsigis wa Kericho. Tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tukiwaogesha na kuwalisha mabibi wa Kizungu ambao enzi zao walikuwa na watumishi. Mumewe, Mutai, alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi huko Arlington, mtu wa mizaha, mdomo wake haujui kupumzika. Mimi ni Domina, Mhaya wa Bukoba, ila wao waliniita Mama Gervas kwa jina la mwanangu mkubwa.

Mwaka tisini na nane, mwezi wa tisa, Bilha alijifungua mtoto wa kike. Alizaliwa kunakaribia kucha, wakamwita Chepkorir. Lakini kwao jina hilo ni la kushikia tu, linaeleza umezaliwa saa ngapi, basi. Jina lenyewe mtoto huletewa na wafu. Bibi humpakata mtoto, akataja majina ya wanawake wa ukoo waliokwisha kufa, moja moja, bila haraka. Mtoto akipiga chafya kwenye jina fulani, huyo ndiye aliyerudi. Wanawake hucheka, humsalimu kwa jina hilo, humkaribisha nyumbani. Salamu ndiyo inayofunga jambo. Nilipomwuliza Bilha, na mtoto akiwa na mafua je, alicheka mpaka akashika mshono wa tumbo.

Bibi mwenyewe, mama yake Mutai, alikuwa aje kuifanya kazi hiyo. Lakini mwezi wa nane ubalozi wa Marekani Nairobi ulikuwa umelipuliwa, watu wakafa wengi, na habari za viza zikasimama. Basi wakakubaliana majina yatajwe kwa simu. Jumapili baada ya ibada, bibi angekuwa Litein, mji mdogo wa huko kwao, kwa binti yake Rosemary, mwalimu mwenye simu ya mezani. Yeye ataje huko, na huku mkono wa simu uwekwe sikioni mwa mtoto. Mutai alikwisha nunua kadi ya kupigia.

Jumamosi, kesho yake ndiyo siku ya simu, Bilha akasema anataka picha ya kumtumia mama mkwe. Si ya sebuleni yenye kochi nyuma, kila mtu ana kochi. Alitaka picha ya lile kanisa kuu la mawe juu ya kilima, upande wa kaskazini magharibi mwa jiji. Jina lake silitaji, sitaki ugomvi na maaskofu.

"Mama Gervas, si ukuje pia," Mutai aliniambia mlangoni. "Mtoto anataka shangazi kwa picha."

Nilikuwa na nguo za kufua, lakini nani anafua siku ya jua kama ile? Tukaingia kwenye Corolla yake, mtoto nyuma katikati yetu wanawake, tukakata msitu wa Rock Creek majani yakiwa yameanza kuwa mekundu. Bilha aliimba njia nzima. Ilikuwa Jumamosi nzuri kabisa.

Kanisa lile ni la mtindo wa zamani wa Ulaya, matao yote yamechongoka juu. Kuta zimeshikiliwa kwa nje na mikono mirefu ya mawe, na huko juu kwenye pembe zimekaa sanamu za mazimwi zimeachama, ndimo maji ya mvua yanamopitia. Bukoba tuna kanisa kuu, nami nilidhani najua maana ya kanisa kuu. Humo ndani nilijiona mdogo, na sikupenda. Vioo vya rangi vilimwaga wekundu na buluu sakafuni, watu wakipita wanabadilika rangi. Mutai akapiga picha hadi akachoka. Tungerudi hapo hapo nyumbani, tungekuwa na picha nzuri na basi.

Akatokea mama mmoja mtu mzima, mmoja wa wale wanaojitolea kuwatembeza wageni, amevaa kofia ya zambarau. Akamsifia mtoto, akatuuliza tumeshaona kanisa dogo la chini. Mutai akasema bado. Bilha akasema mtoto atasikia baridi. Mutai akasema dakika tu.

Tukashuka ngazi. Ni ngazi za mawe, zimelika katikati kwa miguu ya watu. Huko chini dari ni fupi, nguzo nene, hewa imelala. Kwenye ukuta kuna mawe yaliyochongwa majina. Yule mama akatueleza kwamba nyuma ya kila jiwe kuna majivu ya mtu.

"Kila ninaposhuka huwa nawataja kwa sauti," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "ili wasione wamesahauliwa."

Akaanza kutaja, kidole kikifuata mawe. Edwin Colby. Marcus Dell. Lucinda Vane. Alitaja moja moja, bila haraka. Nilimwona Bilha anainua kichwa. Akamgeuza mtoto upande wake na kumfunika sikio kwa kiganja.

"Harriet Pruett," akasema yule mama.

Chepkorir akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo ya mtoto, lakini mle ndani ilizunguka kuta zote. Mutai akaangua kicheko. "Aki ameitika! Mmeona? Ameitika!" Bilha akamwambia kwa kunong'ona, "Mutai, usimalize." Mutai alikwisha inama usoni pa mtoto, mikono miwili kifuani kama mtu anayepokea mgeni. "Chamgei, Harriet! Karibu nyumbani!" Kisha akairudia salamu hiyo yote kwa Kikipsigis, kama mama yake angesema.

Mama wa kofia alitabasamu bila kuelewa. Akaendelea na jiwe linalofuata.

Garini mtoto hakulala. Mtoto wa wiki chache, umtikise kwenye gari, macho hufunga yenyewe. Huyu alikuwa macho. Aliangalia dirishani, akatuangalia, akaangalia tena dirishani. Bilha akampa ziwa. Akageuza uso. Hakulia. Aligeuza uso tu, polepole, kama mtu anayekataa sahani ya pili.

"Ameshiba hewa ya kanisa," Mutai akasema. Hakuna aliyecheka.

Jumapili wakaniita. Mutai alikuwa amesaga tumbaku ya sigara kwenye kisosi, maana kwao huweka unga wa ugoro puani kidogo kuisaidia chafya. Simu ikapigwa, Rosemary akapokea, akampa bibi. Mutai akaushika mkono wa simu sikioni mwa mtoto. Nilikuwa karibu, nikamsikia yule bibi kizee: sauti nene, imetulia, inayapanga majina moja moja. Tapkigen. Taprandich. Tabarbuch. Tabsabei.

Mtoto kimya. Tumbaku puani, pua haikukunjika hata. Mimi mwenyewe nilipiga chafya mara mbili.

Bibi akayarudia yote tangu mwanzo. Kimya. Tukasikia mbwa analia huko Litein. Alipoongea tena, Mutai alibadilika rangi.

"Amesema nini?" nikamnong'oneza Bilha.

"Amesema nyumba ina mtu," Bilha akajibu. "Anauliza tumemkaribisha nani."

Mutai akaeleza. Mwanaume wa miaka thelathini na ushee, mwenye sare na redio ya ulinzi, anaeleza mizaha yake kwa mama yake kama mtoto aliyevunja chungu. Bibi hakumfokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema mgeni hutoka kwa mlango ule ule alioingilia. Wampeleke mtoto pale pale, waite tena majina ya nyumbani. Wakikataa wote, basi wamwite yeye.

"Mama, aliye hai haitwi," Mutai alisema.

Bilha alinitafsiria jibu baadaye. Bibi alisema hilo alilijua kabla Mutai hajazaliwa. Alisema, "Wakikosa wote, niite."

Mutai akakata simu. Akasema mama amezeeka. Akasema Jumatatu mtoto anapelekwa kwa daktari, sisi ni watu wa hospitali, hatuko porini. Nami nilimuunga mkono, nikasema hata kwetu wazee wana maneno yao.

Daktari hakuona kitu. Mapafu safi, masikio safi, koo safi. Uzito ndio unashuka. Akasema ikifika Alhamisi mtoto bado hali, atamlaza na kumpitishia mpira puani. Bilha alirudi amembeba kifuani, akaja moja kwa moja kwangu, hakwenda kwake.

"Mama Gervas, nimetry kila kitu. Ziwa, chupa, kijiko. Anakubali matone mawili anafunga mdomo." Akaketi. "Na si hiyo tu. Muangalie. Angalia vile ananiangalia."

"Anakuangaliaje?"

Akasogea karibu, ingawa tulikuwa peke yetu. "Unajua wale wamama wa kazini. Ukichelewa kuwaletea chai. Hawakufokei. Wanakuangalia tu, wakingoja utoke kwa chumba."

Nilimpokea mtoto, nikamtazama. Yesu na Maria! Niliijua ile sura. Nilikuwa nimeiogesha, nimeikausha, nimeivalisha soksi miaka minne. Midomo imebanwa, kidevu juu kidogo, macho yanapita begani mwako kumtafuta mwenye nyumba. Ilikuwa kwenye uso usiozidi kiganja changu.

Nikamrudisha kwa mama yake. Mikono yangu ilikuwa inanuka jiwe bichi.

Jumanne hakunywa kabisa. Kilio hakuna, na sisi tulikuwa tunakiomba kile kilio. Shingo ilikuwa imelegea, ngozi ya mikono imejikunja, na utosi umebonyea. Kitu kimoja tu kilimtuliza. Mutai alipofungua televisheni kukawa na kinanda cha kanisa, mtoto alifumba macho akashusha pumzi ndefu. Mutai akaizima haraka. Akaiweka rimoti chini.

"Kesho tunaenda," alisema.

Jumatano ilinyesha. Tulifika mchana, watu wachache, mazimwi ya juu yanatapika maji kwenye majani. Hatukumwona yule mama wa kofia wala hatukumtafuta. Tukashuka zile ngazi. Bilha mbele, mtoto amefungwa kwa khanga yangu. Mutai nyuma yake. Mimi mwisho, rozari mfukoni.

Kulikuwa hakuna mtu. Bilha akasimama mbele ya lile jiwe.

Mtoto akageuza kichwa. Shingo iliyokuwa imelegea asubuhi, ikageuka. Akalitazama jina lililochongwa. Akatabasamu.

"Anza," Bilha akanong'ona.

Mutai akaanza. Tapkigen. Akangoja. Taprandich. Akangoja. Sauti ilikuwa inamkauka. Tabarbuch. Tabsabei. Kila jina lilikwenda ukutani likarudi. Mtoto hakutikisika. Macho kwenye jiwe. Pumzi ikaanza kupungua. Niliona khanga inapanda, inashuka. Inapanda. Nikangoja ishuke.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Hakuna. Midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya kijivu. Nikasema tukimbie, kuna hospitali karibu, tukimbie jamani. Bilha hakunisikia. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Muite," akamwambia.

"Siwezi."

"Amesema umuite."

"Bilha, ni mama yangu."

"Na huyu ni wa nani?"

Mutai akaweka mkono mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akatikisa kichwa. Akatikisa tena.

Bilha akampa mgongo. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kulitaja jina la mama mkwe wake, kwao mke hamtaji, ni aibu kubwa. Akamwinua mtoto, uso kwa uso, akavuta pumzi.

"Tabutany," akasema.

Chafya.

Kubwa, ya mwili mzima, kichwa kilirudi nyuma. Na baada yake kilio! Kilio cha mtoto mwenye njaa na hasira, kilichojaza mle chini mote. Bilha akawa anacheka na kulia. "Chamgei, Tabutany. Karibu nyumbani. Karibu." Akaketi palepale kwenye benchi la mawe, akafungua vifungo, na mtoto akalidaka ziwa kwa nguvu hata mama mtu akapiga ukelele. Nikapiga magoti. Sikumbuki niliomba nini. Mutai alibaki amesimama, uso ukutani.

Tulipofika nyumbani Mutai hakuvua hata koti. Akapiga simu Litein. Kule ilikuwa usiku, lakini Rosemary alipokea mara moja. Sauti ilikuwa ya chini, tukaegemeza vichwa tusikie.

"Mama yuko?" Mutai akauliza. "Rosemary, niambie. Mama yuko hai?"

"Yuko hai," Rosemary akanong'ona. "Amekaa kwa kiti. Yuko sawa, anapumua vizuri." Kisha akauliza, "Mutai, Mama alijifunza Kizungu lini?"

Mama yao hakuingia darasani hata siku moja. Kura alipiga kwa kuonyeshwa picha.

"Alikuwa anachambua mboga," Rosemary akaendelea. "Akaanguka kidogo hivi, akaamka. Sasa anaongea Kizungu tu. Si yetu ya shule, ni ya wenyewe. Anauliza sisi ni nani. Anaita mimi *girl*."

Kisha tukasikia kiti kikisogezwa, na mkono wa simu ukachukuliwa. Mutai alinisukumia simu kama inayounguza. Nikaiweka sikioni.

Ilikuwa ile sauti nene ya Jumapili, koo lile lile la bibi kizee wa Kericho. Lakini ilisema Kiingereza laini, cha adabu, cha mabibi wetu wa kazini.

"Samahani kukusumbua," ilisema. "Kuna kijana alinikaribisha nyumbani kwake. Sasa nimewekwa mahali penye giza, na kuna ng'ombe. Tafadhali mtume mtu aje anichukue."

Niliirudisha simu mahali pake.

Mutai alikwenda kwao Krismasi. Aliporudi alikuwa amekonda, na mizaha ilikuwa imemwisha. Alituambia kwamba mama ni mzima kuliko alivyokuwa, anatembea wima, anakula kwa uma, anaomba chai mara nne kwa siku, na watoto wa Rosemary hawalali nyumba moja naye. Kwao mtu akirudi kutoka safari humwinamishia mzazi kichwa, naye mzazi huweka kiganja utosini, ndiyo salamu. Mutai alisema aliinama mbele ya mama yake, akangoja. Akangoja sana. Kisha akamsikia anamuuliza Rosemary, kwa Kiingereza, huyu mwanaume anatafuta nini sakafuni.

Alitueleza hayo jioni ileile aliyorudi, mizigo iko mlangoni. Chepkorir alikuwa mapajani mwa Bilha, mnene, mashavu yanang'aa, hata kukaa mwenyewe bado hajaweza. Mutai alipomaliza kusimulia akavua kofia. Akasogea, akapiga magoti kwenye zulia, akamwinamishia mtoto kichwa.

Nilitaka kumwambia, baba, acha mchezo. Sikusema. Mtoto aliacha kuchezea kitufe cha mama yake. Akamtazama yule mtu mzima aliyeinama. Mkono mdogo ukanyooka, vidole vikafunguka, kiganja kikashuka taratibu na kutulia katikati ya utosi.

Mutai akaanza kulia kwa sauti. Bilha alitazama pembeni, ukutani, na hakumgusa yeyote kati yao wawili.